Kura ya Watu Wote na Kura ya Wajumbe: Maneno na Desturi za Uchaguzi katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, yaani Kinondoni, Temeke na mitaa iliyo jirani nayo, neno kura latumika kwa maana mbili. Wanawake wanaocheza upatu huandika namba katika vikaratasi, wakavikunja, kisha kila mmoja huokota chake; aokotaye namba ya kwanza ndiye apokeaye fedha kwanza. Hiyo huitwa kupiga kura. Na wanawake hao hao, ufikapo mwaka wa uchaguzi, husimama mstarini penye shule au ofisi ya serikali ya mtaa, wakatia alama katika karatasi na kuitumbukiza sandukuni. Hiyo nayo huitwa kupiga kura. Maana ya kwanza ndiyo ya asili. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na huko lataja kigae au kijiti kiamuacho jambo ambalo watu hawataki kuliamua wenyewe. Katika kura ya upatu hakuna achaguaye. Katika kura ya sandukuni kila mtu achagua.

Lakini iko kura nyingine tena, ipigwayo na watu wachache kwa niaba ya wengi. Mkaaji wa Mbagala au wa Manzese humchagua Rais wa nchi kwa mkono wake mwenyewe, ila meya wa manispaa yake hamchagui. Meya huchaguliwa na madiwani ukumbini. Wengi huzichanganya kura hizi mbili, wasijue ni nani wa kuulizwa jambo likiharibika. Kwa hiyo yafaa tuzieleze moja moja, tukianza na majina.

1. Juu ya majina

Neno diwani ni la kale. Asili yake ni Kiajemi, likapita katika Kiarabu, na maana yake ilikuwa daftari, kisha baraza. Katika miji ya Mrima zamani diwani alikuwa mkubwa wa mji, mwenye heshima ya ukoo na haki zake. Hakupigiwa kura na wakazi wote. Leo diwani ni mtu aliyechaguliwa na kata yake kwa muda wa miaka mitano. Jina limebaki, na mlango wa kuingilia katika cheo umebadilika.

Neno jumbe nalo lilikuwa jina la mkuu wa mji au kijiji. Wakati wa Wajerumani majumbe waliwekwa chini ya maakida. Ndugu yake ni mjumbe, yaani mtu aliyetumwa kupeleka neno la mwingine. Ndiyo maana watu husema, “Mjumbe hauawi,” kwa kuwa neno alilolichukua si lake. Na yule mama akusanyaye fedha za upatu huitwa kijumbe: fedha zapita mikononi mwake, wala si zake. Leo neno mjumbe latumika kwa mtu wa mkutano au wa baraza apigaye kura huko. Hapa ndipo penye swali kubwa la makala haya. Je, mjumbe huyo achukua neno la waliomtuma, au asema la kwake? Lugha yenyewe yatuambia kwamba neno si lake. Desturi za siasa hazisemi hivyo sikuzote.

2. Kura ya watu wote

Kura hii ni nyepesi kuieleza. Kila raia aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa apiga kura moja, na kura zote zahesabiwa pamoja. Kwa njia hiyo wakazi huchagua mwenyekiti wa mtaa, diwani wa kata, mbunge wa jimbo na Rais.

Tanganyika ilianza hivyo mapema. Katika Novemba 1962, kabla nchi haijawa jamhuri, watu walimchagua Rais wao wenyewe: Julius Nyerere alipata kura 1,127,978, na Zuberi Mtemvu kura 21,276. Tangu 1965 hata 1990, katika siku za chama kimoja, mpiga kura aliletewa jina moja tu la Rais, akaambiwa ajibu ndiyo au hapana. Mwaka 1995 wagombea wa vyama mbalimbali walirudi. Wakati huo sheria ilitaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote. Tangu badiliko la Katiba la mwaka 2000 yatosha awazidi wenzake, hata asipofikia nusu. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, yataka zaidi ya nusu, tena yataka mshindi apate angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24, ili asiwe Rais wa upande mmoja wa nchi.

Katika kura hii mithali ya “Wengi wape” yatumika waziwazi, na kura ya mvuvi wa Kunduchi ina uzito ule ule wa kura ya tajiri wa Oysterbay.

3. Kura ya wajumbe

Kura hii ina hatua mbili. Kwanza watu huchagua wajumbe. Kisha wajumbe huingia ukumbini na kumchagua mkubwa. Mpiga kura wa hatua ya kwanza hubaki nje akingoja habari.

Ndivyo wachaguliwavyo mameya. Wapigao kura ni madiwani wa kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge walio wajumbe wa halmashauri ile. Kinondoni ina meya wake, na Temeke ina wake. Juu ya hao, hata mwanzo wa 2021, palikuwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam iliyoshughulikia mambo ya pande zote, kama kituo cha mabasi ya mikoani pale Ubungo na jalala kuu la Pugu. Meya wa Jiji alipigiwa kura na wajumbe wa manispaa zote.

Kura hii ina faida zake. Wajumbe wamjua mgombea kwa karibu. Wameketi naye kamatini, wamwona akisoma hesabu au akisinzia. Gharama yake ni ndogo. Tena mkubwa aliyechaguliwa na baraza hupatana na baraza lake kwa urahisi, na akikosa baraza laweza kumwondoa. Ila ina udhaifu mmoja mkubwa: kwa kuwa wapigaji ni wachache, kila mtu mmoja aongezwaye au apunguzwaye katika orodha aweza kugeuza matokeo.

4. Mambo ya mwaka 2015 na 2016

Miezi ile ilitupa mifano ya kutosha, kwani wakaaji wa Dar es Salaam waliona kura za namna zote zikifuatana.

Mwanzo wake ulikuwa Dodoma, Julai 2015. Watu 38 walikuwa wamerudisha fomu za kutaka kugombea urais kwa CCM. Vikao vya chama viliwachuja hata wakabaki watano, kisha watatu, ndipo Mkutano Mkuu ukapiga kura: John Magufuli alipata 2,104, Amina Salum Ali 253, na Asha-Rose Migiro 59. Edward Lowassa, aliyeachwa katika mchujo, alihamia Chadema na kusimamishwa na umoja wa vyama ulioitwa UKAWA. Mwezi wa Oktoba watu wote walipiga kura, na matokeo yaliyotangazwa yalimpa Magufuli 8,882,935 na Lowassa 6,072,848.

Basi tazama. Twasema Rais wetu huchaguliwa na watu moja kwa moja, na ni kweli. Lakini kabla ya watu milioni 15 kushika karatasi, wajumbe wasiotimia 2,500 walikwisha amua jina moja litakaloandikwa juu yake. Na kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu kugombea pasipo chama, hakuna jina lifikalo sandukuni bila kupita kwanza mikononi mwa wajumbe. Kura ya watu wote yajengwa juu ya kura ya wachache.

Kisha likaja jambo la meya. Katika Dar es Salaam UKAWA walikuwa wamepata madiwani wengi, na wakatazamia kumpata Meya wa Jiji. Uchaguzi ukaahirishwa zaidi ya mara moja. Mabishano hayakuwa juu ya sifa za wagombea. Yalikuwa juu ya orodha, yaani ni nani mjumbe halali awezaye kuingia na kupiga kura. Mwisho, tarehe 22 Machi 2016, wajumbe walikutana katika ukumbi wa Karimjee. Isaya Mwita wa Chadema alipata kura 84, na mgombea wa CCM kura 67. Tofauti ni watu 17. Msomaji aona kwa nini walishindana kwa miezi juu ya majina machache.

Kinondoni wakaona jambo lingine. Januari 2016 meya wao alitoka upande wa UKAWA. Mwaka huo huo manispaa ikagawanywa, ikazaliwa Manispaa ya Ubungo, kama vile Temeke ilivyoizaa Kigamboni. Uchaguzi wa meya ulipofanywa tena Kinondoni mwezi wa Oktoba, madiwani wa upinzani wakiwa wanaulalamikia, umeya ulikwenda kwa CCM. Kata hazikuwa zimerudia kuchagua madiwani. Watu ni wale wale. Mpaka ndio uliosogea, na hesabu ya ukumbini ikasogea pamoja nao.

Januari 2020 ilitangazwa kwamba Meya wa Jiji ameondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, na yeye akapinga akisema idadi ya kura iliyotakiwa na sheria haikutimia. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo Meya wa Jiji huchaguliwa na wajumbe wa iliyokuwa Ilala. Madiwani wa Kinondoni na Temeke hawana tena sehemu katika kura hiyo.

5. Nchi nyingine

Majirani zetu wengi walianza kwa kura ya wajumbe. Mwaka 1960 Joseph Kasavubu alichaguliwa Rais wa Kongo na Bunge. Uganda Kabaka Mutesa wa Pili alifanywa Rais na Bunge mwaka 1963, na kura ya watu wote kwa urais haikupigwa huko hata 1996. Burundi, ilipotoka katika vita, ilimchagua Rais wake kwa Bunge mwaka 2005, kisha kwa kura ya watu wote mwaka 2010. Somalia mwaka 2022 Rais alichaguliwa na wabunge mjini Mogadishu, na waliowachagua wabunge wa baraza la chini walikuwa wajumbe waliopatikana kwa njia ya koo. Basi mwananchi alikuwa mbali na Rais kwa hatua zaidi ya moja.

Afrika Kusini Rais huchaguliwa na Bunge sikuzote. Mwaka 2024 chama cha ANC kilipata viti 159 katika viti 400, kisitoshe peke yake. Kikapatana na vyama vingine, na Cyril Ramaphosa akachaguliwa tena. Huko kura ya wajumbe iliwalazimisha mahasimu kuketi meza moja.

Marekani wana njia ya peke yao. Watu hupiga kura katika kila jimbo, lakini kwa sheria wawachagua wajumbe 538, na mtu akipata 270 ndiye Rais. Karibu majimbo yote humpa mshindi wa jimbo wajumbe wake wote. Kwa hiyo mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura za watu karibu milioni tatu kumzidi Donald Trump, wala hakuwa Rais. Wajumbe wale hawatazamiwi kufikiri. Watazamiwa kupeleka neno walilopewa. Hao ndio wajumbe kwa maana ya kale ya Kiswahili.

6. Namna ya kupima

Tusiseme upesi kwamba njia moja ni njema na nyingine mbaya. Kura ya watu wote yaweza kuwa pana mlangoni na nyembamba ndani. Katika uchaguzi wa Rais wa tarehe 29 Oktoba 2025 kila aliyeandikishwa aliruhusiwa kupiga kura, lakini Chadema, chama kikuu cha upinzani, hakikuwa na mgombea. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya kura 97 katika kila 100, na siku ile na zilizofuata zilikuwa za ghasia na mauaji, Dar es Salaam pia. Na kura ya wajumbe yaweza kuwa ya haki, ikiwa wajumbe wenyewe wamechaguliwa kwa haki, orodha yao yajulikana mapema, na watu wajua kila mmoja alisema nini.

Basi mtu akitaka kuipima kura yo yote, na aulize mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyeandika majina yaliyo katika karatasi? Pili, ni nani aliyeandika orodha ya wapigaji, tena aliiandika lini, kabla ya shindano au katikati yake? Tatu, aliyechaguliwa akikosa, ni nani awezaye kumwita atoe hesabu? Kwa mwenyekiti wa mtaa jibu la swali la tatu ni jirani zake. Kwa meya ni madiwani. Na kwa diwani aliyempa meya kura, ni wakazi wa kata, ambao hawakuingia ukumbini lakini ndio waliomtuma. Mkaaji wa Temeke ambaye taka hazizolewi mtaani kwake hana kura ya kumnyima meya. Anayo ya kumnyima diwani wake, na ana haki ya kumwuliza katika mkutano wa hadhara: siku ile ulimpa nani kura yetu, na kwa nini?