KUMBUKUMBU ZISAFIRI KWA NJIA IPI?

Mlima nao ni kisiwa. Mwananchi wa Mgeta au Kinole, katika Milima ya Uluguru, hutenganishwa na mji wa Morogoro na makorongo na barabara zinazoteleza masika, kama sisi tunavyotenganishwa na bara kwa maji. Kwa hiyo swali la mtumishi wa umma kule ni letu pia: kumbukumbu za kompyuta zibebwe mkononi ndani ya diski, au ziachiwe programu za kulandanisha faili, ambazo hutumia mtandao kuhakikisha kuwa kilichomo huku kinafanana na kilichomo kule?

Wapo wanaoona kubeba diski kuwa ni ushamba. Hatukubaliani nao. Tuchukue mfano wa picha za misitu ya Uluguru, inayolisha Mto Ruvu na kuwanywesha wakazi wa Dar es Salaam. Picha hizo zikifika gigabaiti 500, na mtandao ukiwa wa megabiti 2 kwa sekunde, zitahitaji siku 23 mfululizo. Diski ikipandishwa treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kisha ikavushwa kwa boti, yaweza kufika Unguja siku hiyo hiyo. Mwaka 2009, nchini Afrika Kusini, njiwa alibeba kadi ya gigabaiti 4 hadi Durban. Kadi ilipokwisha kunakiliwa, mtandao ulikuwa umepeleka takriban asilimia 4 tu ya mzigo ule.

Hata hivyo, mzigo mdogo wa kila siku una hukumu yake. Daftari la zahanati likiongezwa majina kumi, hakuna haja ya kumpandisha mtu pikipiki. Programu kama rsync, iliyotolewa mwaka 1996, hulinganisha faili mbili na kupeleka sehemu zilizobadilika tu. Haba na haba hujaza kibaba, hata kwa mtandao dhaifu.

Lakini tusilewe sifa. Kulandanisha si kuweka akiba: karani akifuta faili kimakosa huku, programu huweza kuifuta na kule. Makarani wawili wakisahihisha daftari moja wakati mtandao umekatika, kazi ya mmoja huweza kupotea. Tena Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mtandao ukazorota nchini kote. Diski nayo huanguka, huibwa na husahaulika garini. Ikiwa na majina ya wagonjwa, hasara si ya ofisi peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wetu waamue kwa hesabu, si kwa fahari. Mzigo mkubwa wa kwanza uende kwa diski mbili, zilizofungwa kwa nywila, zikabidhiwe kwa saini na kuhakikiwa zinapopokelewa. Mabadiliko ya kila siku yapite mtandaoni. Nakala ya tatu ikae mahali pengine, isiguswe na programu yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuweka wajibu wa kulinda taarifa za watu. Mwananchi aliyetoa jina lake zahanatini, awe wa mlimani au wa kisiwani, anastahili kulikuta salama atakaporudi.