Daftari Moja la Visiwa Vingi

Kosrae ni kisiwa kimoja, tena ni jimbo zima la Shirikisho la Mikronesia, huko katikati ya Pasifiki. Watu wake hawafiki elfu saba. Tuseme mwaka huu wanawake watatu wa Kosrae wagundulike na saratani ya shingo ya kizazi. Ukiigeuza hesabu hiyo kwa kipimo kinachotumika duniani, yaani wagonjwa kwa kila wanawake laki moja, unapata kama 90, na mtu wa takwimu aliyekaa Geneva atashtuka. Mwakani asigundulike hata mmoja: sifuri. Mkuu wa afya wa jimbo atangaze ushindi? Hata kidogo. Hesabu ndogo hupanda na kushuka zenyewe, na kisiwa kilicho peke yake hakina njia ya kujua kama kinaumwa kuliko wenzake au kimepatwa na mwaka mbaya tu.

Nimefanya kazi masjala ya hospitali, hapa Unguja, mpaka nikastaafu, kwa hiyo saratani huiangalia kutoka upande wa mafaili. Daktari anaona uvimbe. Mimi naona jina, umri, mtaa, tarehe ya kufika, na kule mwisho pale mahali patupu ambapo hakuna aliyeandika mgonjwa aliishia wapi. Ndiyo maana habari za visiwa hivi vya mbali zilinishika tangu nilipoanza kuzisoma.

Visiwa hivyo, Kosrae kikiwemo, ni maeneo sita. Guam, Mariana ya Kaskazini na Samoa ya Marekani yako chini ya Marekani. Palau, Shirikisho la Mikronesia na Visiwa vya Marshall ni nchi huru zenye mkataba maalumu na Marekani. Wakaazi wote pamoja hawafiki laki tano, nao wametawanyika juu ya bahari pana kuliko Marekani bara. Hata kuitisha kikao ni kazi. Guam ikiwa saa tatu asubuhi ya Jumanne, Pago Pago, Samoa ya Marekani, ni saa sita mchana, Jumatatu. Ndege inayotoka Guam kwenda Honolulu hutua Chuuk, Pohnpei, Kosrae, Kwajalein na Majuro, ikishusha na kupakia kama daladala.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakuu wa afya wa maeneo hayo walikubaliana kuwa na Baraza la Saratani la Visiwa vya Pasifiki. Chuo Kikuu cha Hawaii kikawasaidia kwa wataalamu na shughuli za uratibu. Kila eneo likaandika mpango wake, kisha wakaandika mmoja wa pamoja. Mipango kwenye karatasi sote tunaijua, na peke yake isingenitoa kitini. Kilichonitoa ni kwamba mwaka 2007 walianzisha daftari kuu moja la saratani kwa maeneo yote sita, likawekwa Chuo Kikuu cha Guam.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Kila mahali kuna msajili. Anapekua ripoti za maabara, vyeti vya vifo, na orodha za waliopelekwa kutibiwa nje. Akikuta mgonjwa wa saratani humwandika: imeanzia kiungo gani, imegunduliwa lini, ilikuwa imefika hatua gani, ametibiwa vipi. Taarifa zinakwenda Guam, na huko ndiko wanakohangaika na jambo ambalo mtu wa masjala hulielewa bila ya kufafanuliwa. Mwanamke wa Chuuk anagunduliwa kwao, anapelekwa Guam kwa vipimo, anapasuliwa Manila, anarudi kufia nyumbani. Huyo ana mafaili manne. Pasipo mtu wa kuyakutanisha, takwimu zitasema wameumwa wanawake wanne.

Sisi tunaovuka maji kwenda Dar es Salaam kutibiwa hilo tunalijua. Mtu kwetu kaandikwa Fatma Juma Ali; ng'ambo anaandikwa Fatuma J. Ally, na umri umepungua miaka mitano kwa sababu aliyemjibia karani alikuwa mpwa wake. Nimekaa na mafaili ya namna hiyo ubavu kwa ubavu, nikijua moyoni kuwa ni mtu mmoja na sina pa kuliandika hilo.

Kuna na suala la siri. Kwenye kisiwa cha watu elfu chache, ukichapisha kwamba mwanamme mmoja wa miaka hamsini na kitu ana saratani ya matiti, umeshamtaja jina. Dawa yake ni kuzijumlisha hesabu, miaka kadhaa kwa pamoja na visiwa kadhaa kwa pamoja, mpaka mtu mmoja asionekane na ugonjwa uonekane.

Na ulionekana. Kiwango cha saratani ya shingo ya kizazi katika Visiwa vya Marshall kilitokea kuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Hapa lazima nisimame kidogo, maana ukitaja Marshall na saratani kila mtu hukumbuka mabomu, na ana haki. Kati ya 1946 na 1958 Marekani ililipua huko mabomu 67 ya nyuklia. Lile la tarehe 1 Machi 1954, waliloliita Bravo, lilikuwa na nguvu kama mara elfu moja ya la Hiroshima, na majivu yake yaliwanyeshea watu wa Rongelap ambao hawakuwa wameambiwa lolote. Saratani za tezi za shingo zilizofuata si hadithi. Lakini wanasayansi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walipopiga hesabu, wakachapisha mwaka 2010, walikadiria saratani zinazotokana na mionzi hiyo kuwa kama 170 miongoni mwa Wamarshall zaidi ya elfu ishirini na tano walioishi wakati huo. Katika kundi lilelile, saratani ambazo zingetokea hata bila ya mabomu walizikadiria 10,600. Unaweza kusema wakadiriaji ni watu wa serikali ileile iliyolipua, na mimi sitakubishia. Hata ukizidisha mara tano, bado kuna maelfu ya wagonjwa ambao bomu halihusiki nao, na saratani ya shingo ya kizazi huletwa na virusi vya HPV, ambavyo vina chanjo.

Lakini wanawake walikuwa wanafika hospitali wamechelewa. Kwa nini? Kipimo cha zamani kinataka ute wa shingo ya kizazi upakwe kwenye kioo na usomwe na mtaalamu. Visiwa vingi havikuwa naye, kwa hiyo vioo vilisafirishwa nje. Jibu linaporudi, mwanamke ameshapanda boti kwenda kisiwa cha nje, na boti nyingine haijulikani itakwenda lini. Madaktari wa maeneo yote walikaa pamoja wakaamua kutoendelea kujilazimishia mwongozo wa hospitali za Marekani. Wakakubali njia ya siki: muuguzi anapaka asidi dhaifu, anaangalia kwa macho panapogeuka peupe, na jibu hutoka papo hapo. Baadaye vikaja vipimo vya kutafuta virusi vyenyewe, ambapo mwanamke huweza kuchukua sampuli mwenyewe faraghani. Jimbo la Yap, huko Mikronesia, lilitangulia kuvijaribu, na wengine wakapata pa kujifunzia bila ya kuanza upya.

Nilipofika kwenye saratani ya mdomo nikajiona niko nyumbani. Bibi yangu alikuwa na kijaluba cha tambuu: jani, chokaa, popoo, katu, na tumbaku ya kufungia kazi. Palau na Yap hutafuna vilevile, ila wao popoo huipenda mbichi, chokaa ni ya matumbawe iliyochomwa, na tumbaku mara nyingi ni kipande cha sigara. Mwaka 2003 wataalamu waliokutanishwa Lyon na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliamua kwamba popoo yenyewe, hata isipotiwa tumbaku, inasababisha saratani. Sasa nenda ukamwambie mzee. Kule, kama kwetu, kumpa mgeni tambuu ni heshima. Chuo Kikuu cha Guam na wenzao wa Hawaii walifanya jaribio Guam na Saipan, katika Mariana ya Kaskazini, pengine la kwanza la aina yake duniani, kuwafundisha watafunaji namna ya kuacha. Kundi moja lilipewa kijitabu tu, jingine likahudhuria mafunzo ya ana kwa ana, na waliohudhuria waliacha kwa wingi zaidi. Kijitabu, wallahi, sijapata kuona kikimtoa mtu popoo mdomoni.

Kwenye matibabu ushirikiano wao ni dhaifu. Marshall na Mikronesia hupeleka wagonjwa Manila na Honolulu, Palau hupeleka Taiwan na Ufilipino, kila mmoja kwa mapatano yake na kwa mfuko wake. Na fedha nyingi za daftari na mipango hutoka Washington, kwa ruzuku zenye mwisho. Siku mtu mmoja huko akibadilisha kalamu, wasajili wa Kosrae watatafuta kazi nyingine.

Huku kwetu, Unguja na Pemba hupeleka wagonjwa Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 ndani ya majengo ya tangu enzi za Wajerumani. Wakomoro nao huvuka kuja Dar es Salaam kutibiwa. Shelisheli na Morisi wana madaftari yao ya saratani. Mafaili, basi, yapo, kila mmoja na lake. Mimi ningependa siku moja makarani wa Unguja, Chake Chake, Moroni na Dar es Salaam wawekwe chumba kimoja, bila ya waheshimiwa wa kufungua kikao, wakubaliane mambo matatu: jina la baba na la babu yaandikwe vipi, umri uulizwe kwa nani, na mgonjwa akirudi kwao nani anapiga simu kumjulisha karani aliyemwandika mara ya kwanza. Kwa Kifaransa cha Moroni tutatafuta mkalimani, ingawa najua kufika chai ya saa nne watakuwa wameshaanza kusemezana wenyewe kwa Kingazija na Kiswahili.