Maji ya Ufipa ni Deni la Walio Juu kwa Walio Chini

Jina la Sumbawanga, kama wazee wanavyolifasiri, maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aliyepanda uwanda wa Ufipa alitakiwa auache uchawi wake nje ya mji. Leo hatuna budi kujiuliza sisi wenyewe tunatupa nini, na tunakitupa wapi. Kwani mvua kubwa inyeshapo Kizwite, kila kilichotupwa mtaroni huondoka machoni petu kikaenda kwa wengine.

Ufipa ni mgongo uliokaa baina ya maziwa mawili. Maji ya Sumbawanga hushukia Ziwa Rukwa; vijito vya magharibi, huko Nkasi na Kalambo, hushukia Ziwa Tanganyika. Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na uchafu hubaki. Tena kina chake ni kifupi, hata tope la misimu michache huweza kulidhuru.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na wapo wanaodhani kuwa haliwezi kuchafuka. Wanakosea. Hewa ya oksijeni ipo katika tabaka la juu tu, na humo ndimo wanamoishi dagaa, migebuka na kuhe. Udongo uliomomonyoka vilimani hufunika mawe ya pwani ambayo samaki wengi huyatumia kwa malisho na mazalio. Mbolea na kinyesi nazo hurutubisha mwani. Mwani ukifa na kuoza huitumia hewa ya majini, na samaki hukosa pumzi.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na mito ya huko huelekea Rukwa. Zebaki ikiingia majini hupita kutoka mdudu hadi samaki mdogo, kutoka mdogo hadi mkubwa, ikizidi kila hatua, mpaka ifike mezani. Huko Minamata, nchini Japani, watu waliokula samaki wa namna hiyo walipooza na kufa. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba ni karatasi mpaka mchimbaji apate njia nyingine ya kukamata dhahabu yake.

Ndugu zetu wa Ulwile na visiwa vingine vilivyo karibu na Kipili wanalielewa jambo hili kuliko sisi wa nchi kavu. Ziwa ndilo shamba lao, njia yao na kisima chao. Hawakukata msitu wa mlimani, lakini tope lake huwafikia. Hata hivyo, nao wana sehemu yao: choo kilichochimbwa ukingoni na taka zinazoachwa ufukweni ni sumu ile ile.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Ni sheria njema. Lakini mwananchi ambaye bustani yake ya kiangazi ipo kando ya kijito, naye hana nyingine, hatashibishwa na kifungu cha sheria. Viongozi wanaomwondoa wamwonyeshe pa kulima. Halmashauri zinazomkataza mtu kutupa taka mtaroni zihakikishe lipo jalala, na gari la kuzibeba. Hapo ndipo adhabu itakapokuwa ya haki.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Mababu wa Kifipa walifukia majani katika matuta ya mviringo, ntumba, wakairutubisha ardhi bila kiwanda. Hatusemi mkulima wa mahindi aache mbolea ya dukani. Tunasema atumie kiasi kinachotosha, na asiiache ardhi uchi mbele ya mvua. Msitu wa Mbizi, ulio chanzo cha maji yetu, nao ulindwe na wale wanaoyanywa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Yakichafuliwa, kuyasafisha ni kazi ya vizazi. Aliye Kizwite ayatume maji yake kwa jirani kama ambavyo angependa kuletewa.