Sura ya 6: Tambi kwa Boga la Kuchoma

Maboga ya Muyama, kwenye miinuko ya Buhigwe mkoani Kigoma, kwa kawaida huishia kwenye sufuria ya maji. Huchemshwa yakaliwa kwa chai, na hakuna anayelalamika. Lakini ukitaka kuyala na tambi, maji hayo ndiyo adui.

Boga bichi karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Ukilichemsha, unayazidisha, na joto lake haliwezi kupita la maji yanayotokota. Dar es Salaam hilo ni nyuzi 100. Kila mita 300 unazopanda hupunguza nyuzi 1 hivi, kwa hiyo kwenye mita 1,500 ni kama 95 tu. Nyama ya boga haianzi kupata wekundu wa kahawia na harufu ya kuvutia mpaka uso wake ukauke na joto lifike nyuzi 140 hivi. Boga la kuchemsha halifiki huko hata lishinde jikoni.

Chagua lenye ganda gumu na kikonyo kilichokauka. Lililokaa ghalani wiki kadhaa huwa tamu zaidi, maana wanga wake hugeuka sukari. Likate vipande vya unene wa vidole viwili, paka mawese na chumvi, panga kwenye sufuria nzito isiyo na tone la maji. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama wanavyofanya waoka keki za mkaa. Funua mara mojamoja mvuke utoke, na likiiva liponde. Mawese si ya kunogesha tu: karotini ya boga hufyonzwa vizuri mwilini ikiwa na mafuta.

Mtu wa Pwani akisikia tambi hufikiria sukari, nazi na iliki. Hapa tunataka spageti ya chumvi. Kwa kuwa maji ya mlimani hayana moto wa kutosha, ongeza dakika chache juu ya zile za kwenye pakiti, uipue ikiwa na kiini kigumu kidogo. Bakiza kikombe cha maji yake: wanga uliomo ndio unaoshikanisha mafuta na boga lililopondwa, ukapata mchuzi mzito badala ya uji.

Mantova, Italia, ambako boga lilifika kutoka Amerika baada ya 1492, hulijaza ndani ya tambi za mfuko pamoja na jibini yenye chumvi kali, ili utamu usichoshe. Kigoma tuna kitu bora, kwa maoni yangu: dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wakaangwe, watwangwe, wanyunyizwe juu wakati wa kupakua.

Kula zikiwa za moto, maana zikipoa hugandamana. Ukikosa dagaa, kamulia ndimu na utie pilipili, sukari usiguse.