Soketi namba kumi na hela ya mama: vifaa vya gari vinavyokula akiba yako

Mwezi wa kwanza mwaka huu alinijia ndugu mmoja wa ujenzi anayekaa Rosettenville. Alikuja na mfuko wa plastiki umejaa risiti, akaniambia, "Kaka, nisaidie. Nafanya kazi, sinywi, gari natengeneza mwenyewe, lakini akiba siioni."

Ana Nissan 1400, ile bakkie ndogo iliyouzwa huku mpaka 2008, na anabebea saruji na zana zake. Kila Jumapili anaifungua uani. Nilimsifu kwa hilo, maana fundi wa Johannesburg akikufungulia boneti tu, mfuko wako unatetemeka. Tukaanza kupanga risiti kwenye meza, mwaka mzima.

Soketi namba kumi alinunua mara nne: jumla randi 160. Racheti mara mbili: 470. Tochi tatu: 270. Wili spana moja: 180. Halafu seti nzima mpya ya soketi, randi 900, kwa sababu ya zamani ilikuwa imebaki na mapengo. Jumla randi 1,980.

Mama yake yuko Kigoma, na humtumia randi 1,000 kwa mwezi. Mwezi wa kumi na moja hakutuma, alimwambia hali ni ngumu. Tukatazamana. Hela ya miezi miwili ya mama ilikuwa imepotea vipande vipande, na hakuna aliyemwibia hata senti.

Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu boksi la spana. Lina matundu mawili: vifaa vinavyopotea ukanunua tena, na vifaa ulivyonunua ilhali magari ya sasa hayavihitaji.

Kwa nini namba kumi ndiyo inapotea

Kwenye Toyota na Nissan, namba kumi iko kila mahali: vichwa vya betri, boksi la hewa, waya za bodi, vifuniko vya plastiki. Kifaa unachokishika mara nyingi ndicho utakachokisahau juu ya injini. Unafunga boneti, unaendesha, kinaangukia kwenye kinga ya chini au barabarani. Na ni kidogo, kinaingia popote.

Baada yake zinafuata racheti, bisibisi fupi, tochi, na ile ekstensheni ya kurefusha soketi. Hizi hupotea kwa njia nyingine: kuazimana. Uani kwenye vyumba sita, kila mtu ni jirani mwema mpaka siku ya kurudisha.

Mambo manne yaliyomsaidia yule ndugu:

1. Usinunue seti kwa sababu ya kipande kimoja. Soketi huuzwa mojamoja kwenye maduka ya vipuri. Nunua namba kumi mbili za akiba, uzifungie pembeni.
2. Hesabu kabla ya kufunga boneti. Piga picha boksi likiwa limejaa. Ukimaliza kazi, linganisha boksi na picha. Dakika moja inatosha.
3. Paka rangi yako. Mstari wa rangi ya mafuta kwenye kila kifaa. Jirani akisema "hii yangu", rangi itasema.
4. Azima kwa daftari. Jina, kifaa, tarehe. Si ubaya. Benki inakujua vizuri na bado inaandika.

Ongeza sumaku ndefu inayovutika kama antena ya redio. Ni rahisi, na itakuokotea soketi iliyodumbukia mahali mkono haufiki.

Vilivyopitwa na wakati: iulize gari kwanza

Hapa nina kosa langu mwenyewe la kuungama.

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Randburg ana mdogo wake Morogoro, fundi anayeanza. Alitaka kumtumia vifaa badala ya hela, maana hela, alisema, "zinaliwa". Alipata mtu anauza boksi la zamani: spana za inchi, taimingi laiti, na mita ya kupimia pointi za distribyuta. Vyuma vizito, vimetunzwa vizuri. Akaniuliza, nami kwa uhasibu wangu nikamwambia huo ni uwekezaji. Nikaangalia bei, sikuuliza magari. Alilipa randi 2,400 pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi.

Kijana wa Morogoro anatengeneza IST, Vitz na Noah. Alimpigia dada yake kwa heshima, akashukuru, akasema ameviweka. Baada ya miezi miwili ndipo alipomwambia kwamba hajavitumia hata siku moja.

Sababu ziko wazi, na ningezijua kama ningemuuliza fundi yeyote.

*Spana za inchi.* Zilitengenezewa magari ya Kiingereza na Kimarekani ya zamani. Toyota ni milimita. Nusu inchi ni milimita 12.7: kwenye nati ya 13 haiingii, kwenye nati ya 12 inacheza na kula kona. Nati ikishakuwa duara, umejiongezea kazi ya siku nzima. Inayokubali vizuri ni robo tatu ya inchi, ambayo ni milimita 19.05, karibu sawa na 19.

*Taimingi laiti na mita ya pointi.* Pointi ni teknolojia ya zamani, na kwenye IST distribyuta yenyewe haipo. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayopanga moto. Hakuna cha kugeuza kwa mkono.

Lakini usikimbilie kutupa. Kifaa kimezeeka kulingana na gari lililo mbele yako. Yule wa bakkie ya 1400 ana injini ya kabureta, na filageji yake, zile bapa nyembamba za kupimia nafasi, bado inarekebisha vali na plagi. Mwenye Tazz ya kabureta au Citi Golf ya zamani yenye distribyuta bado ataitumia taimingi laiti. Mwenye Polo mpya haihitaji.

Kwa gari la sindano na kompyuta, kitu cha kufikiria ni kisomaji kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuonyesha kwenye simu taa ya injini imewaka kwa nini. Marekani ililazimisha plagi ya namba moja kwa magari yote mapya madogo tangu 1996, na Ulaya kwa ya petroli tangu 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kama mengi ya Dar na Mombasa, wakati mwingine hayaelewani na visomaji vya bei ya chini. Kijaribu kwenye gari lenyewe kabla ya kulipa.

Hata wili spana, ambayo haizeeki, inaweza kuwa si ya gari lako. Nati za tairi za Toyota nyingi ni 21, boliti za Golf ni 17. Ukinunua gari la mtumba, angalia kwanza kama yake ipo kwenye buti. Usisubiri pancha ya saa nne usiku kwenye M2.

Ukinunua mitumba Joburg

Jules Street na maduka ya rehani yana vifaa vizuri kwa bei nafuu. Dai risiti. Sheria ya Bidhaa za Mitumba, namba 6 ya 2009, inamtaka muuzaji wa mitumba asajiliwe na polisi na aweke rekodi ya aliyemuuzia. Boksi la spana linalouzwa kona ya barabara kwa bei ya kushangaza huenda ni jasho la mwenzio. Polisi wakikukamata nalo bila karatasi, utapoteza boksi na hela, na wewe mgeni unajua maelezo yako yatasikilizwa vipi.

Ukisafiri kwa ndege, spana ziende kwenye begi la chini. Za mkononi zitabaki kwa walinzi. Pima uzito kwanza. Jeki ya magurudumu peke yake inaweza kula nusu ya kilo ulizopewa, na huko nyumbani zinauzwa.

Mahali pa kutobana hela

Stendi mbili za kushikilia gari. Tafadhali. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Usiweke tofali pia: hupasuka ghafla bila onyo, na wewe mjenzi unalijua kuliko mimi. Vifaa vyote vingine ukivikosa utapoteza hela. Hiki ukikikosa, nyumbani watapokea simu ambayo hakuna anayetaka kuipokea.

Mpango wa mwaka

Tenga kiasi kidogo kila mwezi kwa vifaa, tuseme randi 60, kwenye bahasha yake. Kikipotea kifaa, kinanunuliwa kwa bahasha, si kwa hela ya nyumbani. Bahasha ikiisha, subiri. Ukiona mara mbili mfululizo imeisha mapema, shida si bei ya spana. Rudi kwenye daftari la kuazima.

Na kabla ya kumtumia ndugu kifaa, mwulize maswali matatu: unatengeneza magari gani, ya miaka gani, na kifaa gani umekikosa wiki hii? Swali la tatu ndilo nililosahau. Yule dada sasa amemtumia mdogo wake seti ya milimita na kisomaji alichokijaribu kwanza kwenye gari la jirani. La zamani bado liko Morogoro chini ya kitanda. Kila nikimwona ananiuliza kwa utani, "Mhasibu, uwekezaji wetu unaendeleaje?"

Leo jioni fungua boksi lako uhesabu. Anza na namba kumi.