Je, Wajua? Pipa, upepo na mwambao wa Gitaza

Je, wajua kwamba upepo wa Gitaza, kando ya ziwa Tanganyika nchini Burundi, hugeuka mara mbili kwa siku? Mchana jua huipasha nchi kavu na milima ya nyuma yake haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya ardhi hupaa, na upepo hutoka ziwani kuelekea mlimani. Usiku mlima hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huteremka kurudi majini. Juu ya mzunguko huo wa kila siku kuna upepo wa msimu. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki hufuata urefu wa Tanganyika, kilomita 670 hivi, ukisukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Wavuvi wa ndagala (dagaa) kati ya Bujumbura na Rumonge wanaujua vizuri. Mimi namfikiria zaidi jirani yao mwenye michikichi na mihogo kando ya barabara ya RN3, ambaye giza likiingia anahitaji taa mbili na simu yenye chaji.

Mtambo wa upepo tuliouzoea kwenye picha, wenye mapanga matatu juu ya mlingoti mrefu, lazima uelekezwe upepo unakotoka. Upepo ukigeuka, nao ugeuke. Mtambo wa mhimili wima hauna shida hiyo. Nguzo yake imesimama wima na mapanga yanaizunguka, kwa hiyo upepo wa ziwani na wa mlimani kwake ni sawa. Tena jenereta hukaa chini, mahali ambapo fundi hufika na spana zake bila kupanda popote. Shambani hilo si jambo dogo, kwa sababu mashine nyingi za vijijini hufa kwa kukosa mtu wa kuzifikia.

Je, wajua kwamba vinu vya upepo vya zamani kabisa tunavyovifahamu vilikuwa vya aina hii? Vilijengwa Uajemi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kwa udongo, nyasi kavu na mbao, ili kusaga nafaka. Huko Nashtifan, mashariki ya Iran karibu na mpaka wa Afghanistan, safu ya vinu hivyo bado imesimama. Upepo unaovizungusha huitwa upepo wa siku 120, na siku zake huangukia miezi ileile ambayo upepo wa kusini hutawala Tanganyika.

Mtambo rahisi kuliko yote ulibuniwa na Sigurd Savonius wa Ufini katika miaka ya 1920, na unaweza kutengenezwa kwa pipa la mafuta la lita 200. Pipa hupasuliwa kwa urefu wake, likawa vipande viwili vyenye umbo la nusu duara. Vipande havirudishwi uso kwa uso. Kimoja husogezwa pembeni, ukitazama kutoka juu uone herufi S, na katikati huachwa nafasi ndogo ili upepo ulioingia kwenye kipande kimoja upenye na kusukuma upande wa ndani wa kile kingine. Huchomelewa sahani mbili, juu na chini, nguzo ikapita katikati, na beringi mbili za gari kuukuu zikaibeba. Upande wenye tumbo hukamata upepo na upande wenye mgongo huutelezesha. Tofauti hiyo ndiyo inayozungusha.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganywa. Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hakuna mtambo unaoweza kuvuna zaidi ya asilimia 59 ya nguvu ya upepo unaoupitia. Pipa la Savonius huvuna asilimia 15 hivi. Hewa ya Gitaza nayo, karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa. Ukikokotoa yote hayo kwa pipa moja, upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vijiti vidogo, unakupa karibu wati 5 tu. Kwa saa kumi umepata chaji ya simu tatu, na kidogo kitapotea kwenye betri.

Lakini upepo ukiongezeka mara mbili, ukawa mita 8 kwa sekunde, pipa lilelile hutoa karibu wati 37. Nguvu ya upepo hukua kwa mchemraba wa mwendo wake: mwendo mara mbili, nguvu mara nane. Ndiyo maana watu wa Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, wanaishi karibu na mitambo 365 yenye jumla ya megawati 310. Bonde la Turkana hukaza upepo ukawa mkali karibu mwaka mzima. Kaskazini ya Tanganyika haikujaliwa upepo wa namna hiyo, na muuzaji atakayemwambia mkulima wa Gitaza vinginevyo anamwibia.

Wako waliojaribu kabla yetu. Katika miaka ya 1970, kando ya mto Omo kusini mwa Ethiopia, wamisionari wa Kipresbiteri kutoka Marekani walipima mashine mbalimbali za kupandisha maji mashambani. Rota ya Savonius ilikuwa mojawapo. Iliyoshinda ni mashine yenye matanga ya kitambaa, ya mtindo wa kisiwa cha Krete, kwa sababu pipa hula chuma kingi kwa kazi ndogo.

Mfaransa Georges Darrieus alisajili aina nyingine ya mtambo wa mhimili wima mwaka 1925, yenye mapanga membamba yaliyopinda. Hiyo huvuna zaidi, ila mara nyingi haianzi kuzunguka bila kusukumwa. Mkubwa wao, Éole wa Cap-Chat nchini Kanada, ulikuwa na urefu wa mita 110. Ulisimama mwaka 1993 baada ya beringi yake ya chini kuharibika.

Na michikichi je? Kanuni ya mafundi ni kwamba mtambo upite kizuizi chochote cha jirani kwa mita 10 hivi. Mchikichi mzee hufika mita 20. Ukiufunga mtambo chini ya kivuli cha shamba, umefunga pambo. Mahali pake ni ufukweni, ambako upepo hufika ukiwa haujavunjwa na kitu. Huko nako msingi uwekwe juu vya kutosha, maana mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda likaingia majumbani mwa watu wa Rumonge.

Je, wajua kwamba samaki wamechangia ufundi huu? John Dabiri, mhandisi wa Marekani mwenye wazazi kutoka Nigeria, alichunguza jinsi samaki wanavyosaidiana wakiogelea kwa kundi. Kisha akapanga mitambo ya mhimili wima huko California, miwili miwili, mmoja ukizunguka kulia na mwenzake kushoto. Mwaka 2011 alichapisha matokeo: wati 21 hadi 47 kwa kila mita ya mraba ya ardhi, wakati mashamba ya mitambo ya kawaida hutoa wati 2 au 3.

Nimalizie na mpinzani mkubwa wa pipa. Maji ni mazito mara 800 hivi kuliko hewa. Kijito cha lita 10 kwa sekunde kikiporomoka mita 10 tu hutoa karibu wati 500 hata ukipoteza nusu njiani, yaani kazi ya mapipa 100 katika upepo ule wa mita 4. Kaskazini ya Gitaza, mto Mugere unaendesha kituo cha megawati 8 tangu 1982. Mwenye kijito mlimani aanze na kijito. Ila vijito vingi hupungua mvua zikikatika mwezi Mei, na wakati huohuo upepo wa kusini unaanza. Betri moja ya volti 12 inaweza kupokea kutoka vyote viwili, na paneli ya sola ikaongezwa, mradi kila kimoja kiwe na kidhibiti chake. Cha upepo kiwe na mahali pa kumwaga umeme betri ikijaa, kwa sababu mtambo wa upepo ukikatiwa mzigo huzunguka kasi hadi kujivunja.