TANSYO: Tumwangalie mgonjwa, si namba peke yake



Kila anayeshika mashine ya kutoboa mwamba anajua saa ya presha ya kompresa. Hewa ikipungua nguvu bombani, mashine haipigi tena. Mwili wetu ni vivyo hivyo. Moyo ni pampu, mishipa ni mabomba, na tansyo ni nguvu ya damu ndani ya mabomba hayo. Ikishuka mno, ubongo na figo hukosa damu, na hata moyo wenyewe.

Mwenzetu akiangukiwa na jiwe na kupelekwa reanimasio, ndiyo chumba cha wagonjwa mahututi, ndugu zake huona kwanza namba zinazobadilika kwenye kioo karibu na kitanda. Wengi huingiwa na woga. Basi tujue namba hizo zinatoka wapi.

NAMNA MBILI ZA KUPIMA

Ya kwanza ni mkanda wa mkononi, ule tunaoujua sote wa dispansere. Munganga Riva-Rocci aliutoa huko Italia mwaka 1896. Katika reanimasio mashine huujaza hewa yenyewe, kila baada ya dakika chache. Mkanda uenee mkono vizuri: ukiwa mdogo kwa mtu mnene, namba hupanda kupita kweli.

Lakini kwa mgonjwa mahututi tansyo inaweza kuanguka kati ya kipimo na kipimo. Hapo wanganga huingiza bomba jembamba la plastiki ndani ya mshipa, mara nyingi kwenye kifundo cha mkono, pale tunaposikia mapigo. Bomba limejaa maji ya chumvi, nayo hupeleka msukumo wa damu mpaka kwenye kipimo, pigo kwa pigo.

Kipimo hicho lazima kikae usawa wa moyo. Kikishuka sentimeta 10 tu, kioo kitaonyesha karibu 7 au 8 zaidi, na hatari itafichika. Kwa hiyo, mama, usipandishe kitanda wala usiguse bomba bila kumwuliza muuguzi. Bomba likichomoka, damu hutoka kwa kasi: mwite mara moja.

KUSOMA NAMBA

Katika dispansere wanasema « 12 juu ya 8 ». Kwenye kioo utaona 120 na 80. Ni kitu kimoja: kule wamehesabu sentimeta za zebaki, huku milimeta. Namba ya tatu ni tansyo ya kati. Kwa mgonjwa ambaye tansyo yake imeangushwa na maambukizo makali, wanganga kwa kawaida hutaka isipungue 65. Tena hutazama kama anakojoa, kama anajitambua, kama mikono yake ina joto.

MTEGO KWETU KAZINI

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Mtu mzima ana damu karibu litri 5. Kijana mwenye nguvu anaweza kupoteza karibu litri 1 na nusu, na tansyo yake bado ikaonekana nzuri, kwa sababu mishipa yake inajikaza. Dalili za kwanza ni nyingine: moyo unakimbia, ngozi inakuwa baridi, jasho linatoka, mtu anahangaika. Tansyo ikianguka, tumekwisha chelewa.

Basi mwenzetu akipata pigo kubwa la tumbo au la paja, tusiseme: « Tansyo yake ni nzuri, angoje mwisho wa zamu. » Kandamiza jeraha linalotoka damu, mlaze, mfunike, ita ambulansi.

KAZI YA FAMILIA

Mwambieni munganga tansyo ya mgonjwa ya siku zote, na dawa anazokunywa. Baadhi ya dawa za tansyo huzuia moyo kukimbia, na dalili ile ya kwanza haionekani. Leteni pakiti zenyewe hospitalini, hata kama ni tupu. Nawe mfanyakazi unayekunywa dawa hizo, usimfiche bibi yako. Siku utakapolala bila kuweza kusema, yeye ndiye atakayesema kwa ajili yako.

Saa ya presha husaidia fundi anayesikiliza pia sauti ya mashine. Namba ya tansyo nayo ni hivyo: tuisome, lakini tumwangalie na mtu.